Sahani Dirishani

Hatukuanza na hotuba.
Togzhan alisema hotuba wanazo wao,
na vipaza sauti, na maua ya plastiki mezani.
Tukaanza na sahani.

Sahani ya bibi yake, nyeupe, yenye ufa mmoja kama unywele.
Tuliiweka nje ya dirisha, ghorofa ya nne,
saa mbili usiku, baridi ya kukata pua.
Mimi nilishika simu. Kazi yangu ndiyo hiyo:
kutotetemeka.

Asubuhi theluji ilikuwa imelala juu yake,
lakini theluji ya mji wetu huijui wewe.
Huanguka nyeupe, hulala kijivu, huamka nyeusi,
kama shuka la mtu aliyeugua usiku kucha
asitake kuwaamsha watoto.
Togzhan akapitisha kidole katikati ya sahani,
akakigeuzia kwenye kamera.
Basi. Sekunde kumi na tisa.
Hakuna muziki, hakuna neno.

Kufikia Ijumaa watu laki tatu walikuwa wamekitazama kidole kile.
Laki tatu! Sisi wenyewe mjini hatufiki hata nusu.
Binamu yangu aliyeko Almaty alinipigia kuuliza
kama bado tunapumua.
Tunapumua, nikamwambia. Hilo ndilo tatizo.

Ndipo msemaji wa kiwanda akatokea kwenye televisheni,
tai imenyooka kama reli:
"Ni vumbi la nyika. Huletwa na upepo.
Vijana wasiuchafue mji."
Wasiuchafue! Togzhan alilicheka neno hilo
hadi akakohoa,
na alipokohoa hakucheka tena.

Usiku huo alibandua sumaku kwenye jokofu la kwao,
ile yenye picha ya ngamia, zawadi ya shangazi,
akamimina hilo vumbi la nyika juu ya karatasi ya daftari la hesabu
na kuipitisha sumaku kwa chini, polepole.
Vumbi likasimama.
Chembe kwa chembe likasimama,
likageuka alikogeuka ngamia,
likarudi aliporudi.
"Mchanga ukiuita hauitiki," akasema.
Ndiyo mara ya kwanza sauti yake kusikika.

Hiyo sijui waliitazama wangapi; niliacha kuhesabu
pale sahani zilipoanza kutokea.
Jengo la pili, sahani. Jengo la posta, sahani na visosi.
Yerkebulan wa ghorofa ya chini, asiyemsalimu mtu,
aliweka beseni zima.
Dirisha kwa dirisha, mtaa wote ukawa meza
iliyoandaliwa mgeni ambaye hakualikwa
na huja kila usiku.

Sasa lile tusiloliweka mtandaoni.

Baba yake Togzhan yuko tanuri la pili, mwaka wa ishirini na sita.
Simu niliyoishika ililipiwa na tanuri hilo.
Sahani pia, na kila supu iliyowahi kuwa ndani yake.
Siku nne hakusema na bintiye. Meneja alikuwa amemwita,
akampa chai, akamuuliza kwa upole
ana watoto wangapi.

Siku ya tano alirudi kutoka zamu ya usiku,
akavua buti, akatoa leso mfukoni,
ile anayokoholea,
akaikunjua mezani kando ya sumaku
na kwenda kulala.

Togzhan alimshika yule ngamia mkononi muda mrefu.
Kisha akamsogeza.

Nilikuwa nimeshainua simu. Mkono haukutetemeka.
Leso ikainua ukingo wake, kidogo tu,
kama mgonjwa anayeinua kichwa
akisikia jina lake likitajwa mlangoni.

Akanitazama, akatikisa kichwa.
Nikaizima.

Ile ya leso haipo popote. Usiitafute.