Tumewahi Dakika Sita

Nilimuuliza kijana wa kaunta: Mwanza hadi Bukoba
ni umbali gani kwa angani?
Hakuinua macho. "Kilomita mia na sabini na ushei, mama.
Dakika arobaini na tano, rubani akiamka vizuri."
Akacheka.
Mimi nilikuwa bado najumlisha.

Kwa meli ni usiku mmoja:
unalala umekumbatia mzigo, unaamshwa na baridi ya Bukoba.
Kwa basi unalizunguka ziwa
kama mdaiwa anavyozunguka duka la mdai wake,
Geita, Chato, Biharamulo,
na makalio yamekufa ganzi kabla ya Muleba.
Kwangu mimi ilikuwa miaka tisa.

Miaka tisa, kisa cherehani.
Cherehani ya mama, ya mkono, nyeusi,
maua yake ya dhahabu yamefutika
pale kiganja chake kilipozoea kuegemea.
Matanga hayajaanuliwa, Ng'washi akasema,
"Mimi ndiye niliyemtungia uzi macho yalipomwisha."
Nami nikamjibu neno
ambalo hata leo siliandiki.
Akapanda meli ya usiku. Sikumsindikiza.

Tangu hapo, kila nikigeuza dagaa Igombe
naiona ndege ndogo ikitoka uwanjani,
inainamia ziwa, inapinda magharibi,
nami nasema kimoyomoyo: hiyo itafika kwa Ng'washi
dagaa hawa hawajakauka upande wa pili.
Kisha nachukua ufagio,
nawafukuza kunguru.

Leo begi limesoma kilo kumi na nne.
"Umebeba jabali la Bismarck?" kijana akauliza.
Askari wa ukaguzi akaikodolea macho ile picha,
gurudumu, mkono, jino la chuma,
akaniita pembeni, akaing'oa sindano.
"Hii haipandi ndege."
Nikamwachia.
Lile neno langu hawakuliona.
Lilipita nami, halina uzito, halikulia popote.

Juu, jirani yangu alisinzia hata kabla ya mkanda kubana.
Nilikitafuta kivuli chetu majini, nikakipata:
kidogo kama nzi, kinaruka visiwa bila kuomba njia.
Nilikuwa nimepanga maneno ya dakika arobaini na tano.
Nianze na mvua. Nipitie watoto, majina yao nimeyasikia kwa watu.
Msamaha niuweke karibu na mwisho,
tairi zikigusa chini.
Sijafika hata kwa mtoto wa pili
sauti ya rubani ikasema upepo ulikuwa nyuma yetu,
tumewahi dakika sita.

Tumewahi!
Nilicheka peke yangu hadi jirani akaamka.

Uwanja wa Bukoba unaanza pale maji yanapoishia.
Ng'washi alikuwa nje ya uzio, ana mvi, hakunipungia mkono,
ameshika mfuko wa senene kama mtu aliyekuja kuuza.
Alilitazama begi kabla ya kunitazama mimi.
Akachuchumaa palepale vumbini, akafungua zipu,
kiganja chake kikaenda chenyewe
mahali palipofutika maua.

"Na sindano yake?"
"Wameichukua Mwanza."
Akainuka, akajipangusa magoti.
"Ninazo," akasema. "Pakiti nzima.
Nilizinunua mwaka ule ule."