Pana

Saa nane usiku, Kutaisi, Februari,
mkunga Nazibrola anapiga simu kutoka ghorofa ya tatu:
mtoto amezaliwa na mashine inamkataa.
Si mtoto hasa. Uzito wake.
Anaandika, inafuta; anaandika tena, inajibu
hakuna nafasi.
Basi ameuandika kwa wino mgongoni mwa mkono wake,
gramu elfu tatu mia moja na arobaini,
na hawezi kunawa mpaka sisi tumalize.

Sisi ni wawili: Tsiala, aliyebakiza miezi minne astaafu,
na mimi, ninayeshika tochi isiyohitajika.

Mashine yenyewe haipo.
Nataka kusema ipo, ila huwezi kuigusa:
ni mashine pepe, imo ndani ya mashine ya chuma
kama ndoto ilivyomo ndani ya aliyelala,
nayo inaamini kwa moyo wote
kwamba dunia huishia kwenye gigabaiti arobaini.
Imejaa. Miaka sita ya picha za mimba,
vijusi vya kijivu vikinyonya vidole.
Imejaa, na kujaa kwake ndiyo njaa yake:
haiwezi kumeza hata tarakimu nne.

Jana nilifuta kumbukumbu za zamani,
tukapata pumzi ya mchana mmoja.
Tsiala hakunigombeza. Alisema tu,
"Umempunguzia punda mzigo kwa kumnyoa."

Kwanza anapiga picha ya tahadhari,
ili tukiharibu turudi kwenye dakika hii hii
(nani mwingine hupewa hilo?).
Kisha, upande wa nje, kwenye mashine ya chuma,
anafuta arobaini, anaandika mia moja na ishirini.
Anabonyeza. Rahisi hivyo.

Ndani, hakuna kilichobadilika.
Naiuliza: una kiasi gani? Arobaini.
Umempa mtu shamba zima naye bado amejikunyata kizingitini
kwa sababu hajaambiwa.
Na hata akiambiwa: kati yake na uwanda ule mtupu
kimekaa kipande kidogo, gigabaiti mbili,
kile cha kubadilishana, ambamo mawazo yaliyochoka ya mashine
huegeshwa yapumzike.
Hakina kosa. Kimekaa tu katikati ya njia.

Tsiala anacheka peke yake.
Kwake, anasema, chumba cha mwanawe aliyehamia Lodz
ni kitupu tangu mwaka juzi,
naye analala jikoni pamoja na mitungi ya jozi
kwa kuwa kabati la mama mkwe limeziba mlango
na hajampata wa kulisukuma.

Anakizima kipande. Anakifuta.
Mkono wake hautetemeki; wangu unatetemeka kwa niaba yake.
Anauvuta mpaka wa sehemu kubwa hadi karibu na mwisho,
anabakiza pembe,
na kile kidogo anakirudisha pale pembeni,
kiendelee na kazi yake bila kumzuia mtu.
Halafu amri ya mwisho, ya kuuambia mfumo wa mafaili:
jinyooshe.

Mshale unapepesa. Tunangoja.
Chini ya daraja Rioni unapita, haujui kipimo.
Asilimia mia inakuwa thelathini na nne,
na neno ninalolitaka ni moja tu.
Pana: yaani mahali papo.
Pana: yaani pamekunjuka.

Nampigia Nazibrola. Nasikia vitufe, kimya,
vitufe tena,
kisha bomba la maji likifunguliwa.

"Itajaa," Tsiala anasema, akivaa koti, "kabla ya zabibu."
Watoto hawakomi kuja.
Mlangoni anageuka, ananitazama mabega
kama mtu anayekadiria bei.
"Jumamosi una kazi?"