Muhtasari wa Jumanne ya Tatu

Tulikuwa tisa, pamoja na mbwa wa Tegwen.
Hita ya gesi ilikohoa kama ilivyozoea,
chumba cha nyuma, kanisa la Rhyd-las,
na mvua ikapiga paa la jiwe la buluu
ambalo babu zetu walilipasua kwa patasi
hadi likawa jembamba kama kurasa.

Nikasoma ya mwezi uliopita.
Makaburi thelathini na mawili yamesuguliwa kwa brashi za meno.
Majina kumi na tisa yamesomeka, mengine mvua imekwisha kuyala.
Ramani ya reli ya timbo bado iko kwa Bleddyn,
anasema ataileta.
Alisema hivyo kabla ya Krismasi.
Fedha mkononi: pauni arobaini na moja, peni sitini,
kama alivyoripoti mweka hazina, Meirion,
ambaye pia ndiye mchemsha chai.

Kisha Gwenfron akafungua bahasha.
Picha hiyo ilikutwa darini, katika nyumba inayouzwa:
wanaume hamsini na watatu mbele ya timbo,
mwaka mmoja kabla ya mgomo,
kofia, masharubu, mikono isiyojua pa kukaa.
Tukaipitisha chini ya lenzi, kidole kwenye kila kidevu:
huyu wa ukoo wa Parri, tazama masikio,
huyu alikufa kwa vumbi, huyu alikufa kwa vumbi,
huyu alikwenda Amerika akauza viatu.
Tukacheka. Tegwen akajimwagia chai kwenye soksi.

Safu ya tatu, wa pili kutoka kushoto, hana uso.
Mtu alimkwangua kwa ncha ya msumari,
taratibu, kwa mduara, asiguse bega la jirani.
Haikuwa hasira ya dakika moja ile.
Ilikuwa kazi ya fundi.

Hakuna aliyeuliza sababu.
Miezi kumi na saba ya mgomo
ilituachia kadi ya dirishani: Humu Hamna Msaliti.
Tunayo, tumeitia kwenye fremu,
watoto wa shule huja kuichora.
Za nyumba zilizokosa kadi hatuna kitu.

Bleddyn akasema andika "hajulikani."
Gwenfron akasema la kuvunda halina ubani.
Bleddyn akasema chama hakikuundwa kunusa watu.
Mimi kalamu juu, nangoja azimio.

Meirion alikuwa kwenye sinki, katupa mgongo,
anasuuza kikombe kilichokwisha takata.
"Edryd," alisema. "Babu, mzaa baba.
Alirudi timboni mwezi wa kumi na nne.
Shangazi Luned walikuwa wamemzika wiki ile, ana miaka miwili,
na baba yangu alikuwa bado tumboni.
Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja.
Nilidhani, kwa kweli, leo nitamwona."

Hita ikakohoa. Mbwa akahamia miguu ya mtu mwingine.

Babu yangu mimi hakusahau kitu maishani,
na mkono wake mtulivu ulisifiwa bonde zima.
Hilo sikuliandika.

Niliandika:
Safu ya tatu, wa pili kutoka kushoto,
Edryd Vaughan, mpasua mawe.
Imependekezwa na M. Vaughan. Wote wameafiki.
Mengineyo: brashi mpya za meno;
paa linavuja pembe ya mashariki;
Aprili tutapanda hadi kwenye mabanda ya juu,
kila mtu na viatu imara.
Tumefunga saa tatu na dakika tano usiku.

Wengine walipokwisha toka, Meirion aliomba lenzi.
Hakuishika pale penye mkwaruzo.
Aliishusha, polepole, hadi kwenye mikono,
kidole gumba cha kushoto kimepinda kwa nje,
akaweka chake kando.
Mimi nikajifanya natafuta funguo
zilizokuwa mkononi mwangu.