Maneno ya Bi Asaa kwa Mgeni wa Zamu ya Asubuhi

Umekuja na viatu vyeupe, Salhina.
Vivue. Kuna ndara nyuma ya mlango;
ya kushoto imekatika ugwe, burura tu mguu,
punda hawacheki.

Ukifungua lango, lifunge kabla hujasalimu.
Salamu itangoja. Mbwa hangoji,
na barabara ya Machomane ina malori ya mchanga
na watoto wa skuli wenye mawe mfukoni.

Usimwendee mnyama kwa nyuma.
Wewe mwenyewe, ukishikwa bega gizani, wafanyaje?
Pita ubavuni, mkono mtupu uonekane,
sauti yako itangulie kama hodi
kwenye nyumba ya mwenye eda.

Mbwa akikulamba, usipige ukelele.
Ndoo ya udongo ile pale, kando ya bomba:
mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyofunzwa chuoni.
Kanga za kusalia zina msumari wake, juu, mbali na manyoya.
Watakuuliza njiani: "We mtoto wa Maalim Hamad, na mbwa?"
Waambie maji yapo, udongo upo.
Kisha endelea na safari yako, usibishane,
wagonjwa wanakungoja.

Dagaa: ukufi mmoja kwa paka wawili.
Usikisie. Hesabu.
Yule wa rangi ya majivu alilala juu ya jamvi la karafuu,
mwenyewe akamkuta, akamtia reki.
Jicho moja halipo, na mpaka leo akipita ananukia.
Usimbebe.
Mie namngoja tokea Mfunguo Tatu.
Jana alikaa kwenye pindo la kanga yangu,
kidogo, kisha akajifanya kapotea njia.

Daftari hili ni lako sasa.
Nani kala, nani kaharisha, nani kakataa maji.
Usiandike "amelala". Andika "amekufa", na saa.
Ukitaka kulia, nyuma ya banda la majani pana kigoda.
Sote twakijua.

Na wiki ya kwanza usimpe mnyama jina.
Sheria hii niliitunga mie,
na mie ndiye niliyeivunja.

Aliletwa punda, shogi limemla mgongo hadi nyama.
Nikamwita Mudiri, maana alinitazama
kama nimempelekea fomu isiyo muhuri.
Siku arobaini maji ya chumvi, vuguvugu, asubuhi na jioni,
na siku arobaini nikimnolea maneno mwenyewe,
huyo Kombo Shaame wa Vitongoji, mchukuza mawe,
nikiyapanga usiku kama visu kwenye droo.

Akaja Ijumaa. Hakuingia.
Alikohoa tu pale langoni.
Mudiri akasimamisha masikio, akanipita,
akaenda kuweka pua kwenye kifua cha mtu yule
kabla sijaona funguo zilipo.

Shati lake lilikuwa limegandana na bega.
Siku zote zile mawe aliyabeba mwenyewe;
wanawe sita, na nyumba ya watu inataka msingi.
Kidonda kilekile. Mahali palepale.

Visu vyangu sikuviona tena.
Nilichota maji ya chumvi, nikavuta kigoda,
nikamwambia: "Kaa."

Godoro langu la zamani tulilipasua
tukashona shogi jipya, nene, lenye adabu.
Kila Ijumaa humleta Mudiri nimkague,
na Mudiri bado ananitazama vilevile.

Basi, mwenye mnyama akija,
mtazame bega kwanza.
Wengine utawakuta hawana kitu begani,
wala usoni. Hao niite mie.

Haya, ufagio huo. Anzia chumba cha mwisho,
kuna mama paka kazaa juzi, pita mbali,
na usihesabu wanawe kwa kidole, hapendi.

Salhina!
Nimesema nini kuhusu lango?