Mguu wa Nyuma

Viunzi kumi tulivipigilia wenyewe, Pasua,
kwa mbao za mgrevilea alizotupa fundi Kiwia,
zilizobaki kwenye jeneza la mtu mfupi.
Tulipima kwa futi ya mshonaji: themanini na nne.
Vilikuwa vizito. Kiunzi cha Ulaya ukikigonga huinama.
Chetu kilikuuliza ulikuwa unafikiria nini.

Mimi, binamu yake, kazi yangu ilikuwa kuviinua.
Jumamosi nzima pale Ushirika, vumbi mpaka kwenye meno,
yeye anaangusha, mimi nainua,
na Mwalimu Kileo, filimbi yake imepoteza gololi,
anarudia sentensi yake ile moja:
Kiunzi hakirukwi, Aikande. Kiunzi hukimbiwa.
Hatua tatu katikati. Tatu.
Ukiweka ya nne, wenzio wameshavaa viatu vya kurudia.

Mguu wa mbele hauna shida, alisema,
mguu wa mbele unaona unakokwenda.
Ni huu wa nyuma. Goti lipande hadi kwapani,
lisizubae kuaga.
Huu ndio unaogonga.

Shangazi Ndekirwa alificha pasi zake mbili
kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.
Moja ina bwana na bibi waliosimama juu ya mlima,
mlima huu huu unaotumwagia baridi alfajiri.
Nyingine, ya upande wa baba, ina simba mwenye shoka;
na kule kwao, Norwei, simba hawajawahi kuwapo.
Tulicheka sana na hilo tukiwa wadogo.

Alipotimiza kumi na nane sheria ikaweka kiunzi chake,
haikupima hatua.
Chagua kimoja.
Kule kulikuwa na uwanja wenye paa,
daktari wa misuli, viatu vya misumari vya saizi yake.
Huku kulikuwa na sisi.
Hatukulia. Tulikunywa mtori, kimya,
halafu Bibi akauliza tu:
Huko watalitamka vizuri jina lako?

Hawakulitamka. Walimwita Ajkandi,
kwenye vipaza sauti vya miji yenye mvua,
naye akainua mkono, kwa sababu njia ya tano ilikuwa yake.
Kumi na tatu nukta sitini. Kumi na tatu nukta ishirini.
Miaka minne kwa nukta arobaini,
muda wa mtu kupepesa jicho pale Kiboriloni sokoni.
Siku ya kumi na mbili nukta tisini na tisa
nilikuwa nimeegemea ukuta wa saluni, simu mkononi.
Bando likaisha kwenye kiunzi cha sita.
Mpaka kesho yake asubuhi
alikuwa bado hewani.

Akiwa na miaka thelathini, nusu fainali, kiunzi cha nane.
Mguu wa nyuma, bila shaka.

Akaja. Pale KIA alipanga mstari wa wageni,
akalipa dola, akajaza fomu.
Sababu ya safari: aliandika Nyumbani.
Afisa, kijana mpole, lafudhi yake ya Machame,
alikata kwa mstari mmoja, akaandika Matembezi.
Samahani dada, alisema, hapa hiyo haipo.
Alinisimulia akiwa anacheka. Baada ya Boma Ng'ombe
akageukia dirishani na hakusema kitu
mpaka tukavuka daraja.

Viunzi vimebaki vitatu.
Kimoja ni mlango wa banda la kuku.
Kimoja kinaegemeza mgomba uliozidiwa na mkungu.
Cha tatu kimesimama tu, mvua na jua, hakuna aliyekiamrisha.
Jioni akavua kandambili, akakunja kitenge kiunoni.
Shangazi akapiga kelele: Mae! goti lako wewe!
Moja, mbili, tatu,

mimi nikainama kukiinua, kwa mazoea.
Hakikuwa kimeanguka.