Maji ya Barabara ya Saba

Usiku ule kabla ya mashindano
boza la mji lilinyunyizia Barabara ya Saba,
likakata kona ya stesheni, likarudi kupitia sokoni,
ili vumbi la Dodoma lishike adabu
mbele ya wageni wa Nairobi.

Mama yangu, Sechelela, alilifuata na ndoo.
Bombani kwetu ilikuwa siku ya nne
madebe matupu yanapanga foleni yenyewe.
Dereva Lusito akageuza uso, akapunguza mwendo.
Ndoo ya kwanza, ya pili,
mwisho sufuria ya ugali.

Asubuhi, magari kumi na moja.
Pejo ya fundi Harbhajan, namba imeandikwa kwa chokaa.
Foksiwageni moja ilikohoa kabla ya bendera, ikasukumwa kando.
Nilikaa juu ya magunia ya karanga pale konani,
mngurumo ukinipanda hadi kwenye meno.

Mzunguko wa tatu vumbi likanyanyuka,
likameza bendera, saa ya mwamuzi, kofia za mabwana.
Tulisikia breki,
kisha mbuzi,
kisha kimya.

Nani alishinda? Wanabishana hadi leo.
Harbhajan amekufa akiapa ni yeye.
Mimi najua tu unyevu ulipokomea:
hatua tatu
kutoka mama alipokinga sufuria.

Jioni tulikunywa.
Yalikuwa na ladha ya kutu, na dizeli kwa mbali.
Mama akaniongezea kikombe,
akauliza, kama mtu asiyejua lolote,
“Eti, magari yalikwendaje?”