Nusu Milimita

Saa mbili kasoro asubuhi, Dundee ingali giza,
nawasha taa ya meza, nawasha kijiko cha nta.
Mimi hutengeneza meno.
Si ya msumeno, si ya kitana: ya watu.
Meno ya juu ya bibi wa Broughty Ferry
aliyekataa katakata weupe wa sinema;
meno ya chini ya dereva wa lori aliyeyameza ya kwanza
(yeye anaapa ni usingizi, fomu yasema wiski).

Bwana Lorimer, mwenye karakana, ana sheria moja:
kwenye meza hii hakuna kucheka,
pumzi hurusha vumbi, vumbi huharibu nta.
Basi nacheka kwa ndani, kama mtu anayebana kikohozi kanisani,
na mzaha ukinijia naukamata nyuma ya fomu ya oda
kwa penseli ileile ya kuchorea ufizi.

Hapo ndipo mambo huchanganyika.
Wiki jana daktari wa Perth alipiga simu:
"Taya nimelipokea, asante. Lakini hii habari
ya mhubiri aliyekwama kwenye lifti,
iliishaje?"
Bwana Lorimer hakucheka.

Saa kumi na moja navua koti jeupe.
Supu ya kopo, soksi kavu, basi.
Tamthilia yangu ya redio imelala drooni tangu Machi,
mhusika mkuu kasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa,
sijamwambia aingie au aende zake.
"Mshika mawili," anasema dada yangu Catriona,
na methali haimalizii.
Namtazama: ana mapacha,
mmoja kila kwapa.

Ijumaa, chini ya baa ya Nethergate,
watu kumi na mmoja na mbwa.
Kipaza sauti kinanuka bia ya mtu wa jana.
Mzaha wa kwanza unapita kama basi lililojaa.
Wa pili, mbwa anapiga miayo.
Wa tatu, meza ya mbele, mzee mmoja anacheka
kiganja mdomoni, kama wafanyavyo
walioishi miaka mingi na pengo
hata pengo likishazibwa.
Jino la pembe si dawa ya pengo;
mkono hukumbuka tundu
ambalo ulimi umeshasahau.

Nikamtia mhubiri ndani ya lifti,
na mkono ukamponyoka.

Niliyajua.
Jino la pili kushoto limepinda kidogo, makusudi.
Fomu ilisema: Bw. Petrie, miaka sabini na minne,
"kama lilivyokuwa, mke wangu alilipenda hivyo."
Siku mbili nililipinda, nikalinyoosha, nikalipinda tena,
mbele yangu picha ya harusi iliyofifia,
bibi harusi akicheka kitu kilicho nje ya picha.
Na sasa hilo hapo, limelowa, linameta kwa taa ya baa,
nami nimesahau
mhubiri alitokaje.

Kimya. Sekunde nne,
jukwaani huo ni mwezi mzima wa njaa.
Watu wakadhani kimya ndio mzaha wenyewe. Wakacheka.
Mbwa akabweka.
Bwana Petrie akacheka kuliko wote,
kichwa nyuma, mdomo wazi hadi kaakaa,
nami, Mungu anisamehe, sikuiona furaha yake:
niliona taya la juu likicheza.
Linashuka, linarudi.
Linashuka.

Walipiga makofi, nadhani.
Ngazini nilisimama chini ya balbu,
nikafunua kiganja nilichoandika mizaha ya usiku ule,
wino umeshaanza kuyeyuka kwa jasho,
na chini ya neno *lifti* nikaongeza:
Petrie. Taya la juu. Linacheza,
nusu milimita. Jumatatu.